Injini ya Pikipiki, Dashibodi ya Gari: Geji za Kuchagua na za Kuacha

Injini ya pikipiki ya Bajaj Boxer ikiwa mahali pake, chini ya tangi na katikati ya magoti ya mwendesha boda, haihitaji kuchungwa sana. Upepo unaipooza. Pikipiki inalala kwenye kona, kwa hiyo oili haihami chini ya injini. Umeme inaozalisha unatosha taa moja ya mbele, honi na indiketa. Mwendeshaji naye anaisikia kwa masikio na kwa mapaja, akajua imechoka kabla haijazima.

Ing'oe hapo, uifunge nyuma ya kiti cha gari dogo la mabomba lililochomelewa Katwe, Kampala, na karibu yote hayo yanapotea siku hiyohiyo. Mgongo wa dereva umeukinga upepo. Gari halilali. Taa za mbele zimekuwa mbili, za nyuma mbili, na huenda kuna feni na redio. Dereva amevaa kofia ngumu na kelele zote ziko nyuma yake.

Kwa hiyo anayechagua geji za gari la namna hii asianzie dukani wala kwenye picha za magari ya mashindano. Ajiulize kwanza injini aliyonayo imenyang'anywa nini, kisha kila geji aiweke kulinda pale palipobaki wazi. Orodha ikitengenezwa hivyo hutoka fupi kuliko alivyodhani, na ile saa kubwa ya spidi ambayo kila mtu huikimbilia mwanzo hujikuta karibu na mkia.

Mtindo wa kutia injini ya pikipiki kwenye gari dogo ulikomaa Uingereza. Mwaka 1996 kitabu cha Ron Champion kuhusu kujijengea gari la spoti kwa pauni 250 kiliwaingiza watu wengi gereji. Mwaka 1997 kampuni ya Radical ilianza na gari dogo la mashindano lenye injini ya Kawasaki. Westfield nao wakatoa Megabusa, yenye injini ya Suzuki Hayabusa. Kampala ina historia yake ya kuunda magari, ila ya njia nyingine: Kiira EV ya Chuo Kikuu cha Makerere, iliyozinduliwa 2011, na basi la Kayoola lililoonyeshwa kwenye uwanja wa Namboole mwaka 2016, yote ni ya umeme, na kazi kubwa ya dashibodi zake ni kuhesabu chaji ya betri. Mjenzi wa uani hana betri za namna hiyo. Alichonacho ni injini za Bajaj na TVS zilizojaa mjini, injini za tukutuku za magurudumu matatu ambazo zina gia ya kurudi nyuma tayari, na mara mojamoja injini ya Kijapani ya silinda 4 iliyotoka kwenye pikipiki kubwa. Makundi haya hayatazamwi kwa geji zilezile.

Tuanze na oili, maana hapo ndipo injini kubwa hufia.

Injini ya silinda 4, tuseme ya Suzuki GSX-R au Yamaha R1, ina sampu iliyochorwa kwa ajili ya chombo kinacholala. Pikipiki ikiinama kwenye kona, oili inaendelea kubanwa kuelekea chini ya injini, na mdomo wa pampu haukauki. Gari likizunguka kipilefti cha Mulago halifanyi hivyo. Uganda magari hupita kushoto, kipilefti huzungukwa kwa mwendo wa saa, basi oili yote inakimbilia upande wa kushoto wa gari na kupanda ukuta wa sampu. Pampu ikinyonya hewa kwa sekunde chache, beringi za krenki zinaanza kusuguana chuma kwa chuma. Dawa yake ni ya ufundi, siyo ya geji: vizuizi vinavyochomelewa ndani ya sampu, au oili kuhamishiwa kwenye tangi la pembeni lenye pampu yake. Kazi ya geji ni kusema kama dawa imekubali. Mshale wa presha ukianguka kila mara kwenye kona ya upande uleule, kisha ukarudi barabara ikinyooka, ugonjwa uko kwenye sampu. Ukishuka polepole kadiri injini inavyopata moto na usirudi, tazama oili yenyewe, pampu na beringi.

Nunua geji ya presha inayosoma hadi baa 10. Ile ya baa 5 huishia ukingoni injini ikiwa baridi. Lakini usiitegemee peke yake, kwa sababu dereva aliye kwenye kona anatazama barabara. Karibu na geji hiyo iwekwe taa nyekundu, kubwa na kali, inayoonekana hata jua la saa saba likipiga kwenye gari lisilo na paa. Swichi ya kiwandani huwasha taa presha ikiwa imeshuka chini ya takriban nusu baa, na kwa injini inayozunguka mara 9,000 kwa dakika hiyo ni taarifa ya msiba, siyo onyo. Zipo swichi za mashindano zinazowasha taa kwenye baa 1 na ushei. Hizo ndizo za kutafuta.

Namna ya kuifunga nayo ina mitego. Sensa ya presha ni nzito kama jiwe dogo, na ukiining'iniza kwenye kiungo cha shaba moja kwa moja kwenye injini, mtikisiko utakikata kiungo na oili yote itamwagika njiani. Tumia mpira wa presha mfupi, sensa uifunge kwenye fremu. Ukifanya hivyo kumbuka kuipa waya wa ethi, maana nyingi huchukua ethi kupitia mwili wake. Kwa sababu hiyohiyo, ile tepi nyeupe ya mafundi bomba ikizungushwa kwa wingi kwenye nyuzi za sensa hukata ethi, na geji husoma uongo bila kosa lake. Geji za kizamani zinazoletewa oili kwa kipira chembamba hadi kwenye dashibodi husoma vizuri sana, ila kipira kikipasuka oili ya moto humwagikia mapajani mwa dereva. Ziachwe gereji kwa kupimia.

Yote hayo hayamhusu mwenye Boxer. Injini ndogo ya silinda moja ina krenki inayozunguka juu ya beringi za gololi, ambazo huridhika na oili kidogo isiyosukumwa kwa nguvu. Ukiifungia geji ya baa 10, mshale utalala chini siku nzima na kumtia dereva wasiwasi bure. Fedha hiyo iende kwenye joto.

Injini inayopozwa na upepo, ikifungwa nyuma ya kiti, hupumua hewa iliyotulia. Geji inayoifaa ni ya joto la kichwa cha silinda: sensa yake ni pete nyembamba inayokaa chini ya plagi badala ya washa. Ni kitu cha bei nafuu na hufungwa kwa dakika chache. Namba itakayoonekana isikutishe wala kukufurahisha siku ya kwanza. Endesha njia tambarare kwa nusu saa, uiandike, kisha ulinganishe na utakachoona ukipanda mlima au ukikwama kwenye foleni ya Barabara ya Jinja. Tofauti ikiwa kubwa, tengeneza bati la kuelekezea hewa kwenye mapezi ya silinda na ufunge feni ya umeme. Ya pili kwa umuhimu ni joto la oili, ambalo sensa yake huweza kukaa kwenye nati ya kumwagia oili. Oili ya kawaida ikipita nyuzi 130 kwa muda mrefu huanza kuharibika, na injini ya boda ina oili kama lita moja tu ya kubeba mzigo huo wote.

Kwa injini za maji, Kampala ina jambo lake. Mji uko karibu mita 1,190 juu ya usawa wa bahari, na maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko wa radieta wa baa 1.1 ukiwa mzima huyazuia hadi karibu 120. Ukilegea, mjenzi amepoteza akiba yote hiyo na geji ya joto haitamwambia. Kingine ambacho geji haisemi ni maji yakiisha. Sensa iliyobaki kwenye hewa husoma joto dogo, mshale unashuka, dereva anapumua, na injini inaungua. Kwa hiyo sensa ikae kwenye kichwa cha injini au mpira unaotoka humo, sehemu ya chini ambako maji hayakosi, na pembeni ya geji pawe na taa ya kiwango cha maji.

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa kwenye soko la vipuri la Kisekka: wananunua geji kwa huyu na sensa kwa yule. Geji na sensa huzungumza kwa omu, na kila nasaba ina lugha yake. Boya la mafuta la VDO lina takriban omu 10 tangi likiwa tupu na 180 likijaa. La Kimarekani la aina iliyozoeleka lina 240 likiwa tupu na 33 likijaa. Ukichanganya hizo mbili, tangi tupu litaonekana limejaa. Geji ya joto nayo ni hivyohivyo. Nunua kwa jozi, au nenda na mita ya umeme ukapime kabla ya kulipa.

Kipima mizunguko ni cha lazima kwa injini kubwa. Saa za magari nyingi huishia 8,000, wakati injini za pikipiki za spoti hupita 11,000 kabla ya mstari mwekundu. Kinachosumbua zaidi ni hesabu ya mapigo. Saa ya gari la silinda 4 husubiri mapigo mawili kwa kila mzunguko wa krenki. Pikipiki nyingi za silinda 4 zenye koili mbili hutoa pigo moja kwa kila koili kwa mzunguko, hivyo ukichukua waya kwenye koili moja saa itasoma nusu: injini iko 10,000, saa inasema 5,000, na dereva anaendelea kukanyaga. Chagua saa yenye swichi ya idadi ya silinda nyuma, uiweke kwenye silinda 2. Boxer, ambayo haikuja na saa hii kiwandani, hutosheka na kile kisanduku kidogo cha namba ambacho waya wake huzungushwa tu kwenye waya wa plagi. Kiweke kwenye pigo moja kwa mzunguko. Vingi vya hivyo huhesabu pia saa za kazi za injini, na gari la uani ambalo kilomita zake hazina uhakika hubadilishiwa oili vizuri zaidi kwa hesabu ya saa.

Umeme haupewi heshima yake. Taa ya mbele ya Boxer ni ya wati 35. Balbu mbili za kawaida za gari, wati 55 kila moja, zinafanya 110, karibu ampea 9, na bado feni haijawashwa. Mtambo mdogo wa umeme ulio ndani ya injini ya boda hauwezi, basi betri inakuwa inaliwa taratibu hadi gari linagoma kuwaka jioni. Voltimita inaonyesha mapema: betri iliyotulia ni volti 12.6 hivi, gari likitembea inapaswa kuwa kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki chini ya 12.5 ukiwa barabarani, punguza mzigo, weka taa za LED. Ikipita 15, regileta imekufa, na ikiachwa itaua betri na kompyuta ya injini. Ampimita iachwe kabisa. Humlazimu fundi kupitisha waya mnene wa betri nyuma ya dashibodi, pale ambapo moto haupaswi kuanzia.

Sasa spidi. Spidomita ya Boxer huendeshwa kwa kebo kutoka kwenye habu ya gurudumu la mbele, tairi la 2.75-17. Mjenzi akiihamisha kwenye gari lenye tairi za tukutuku, 4.00-8, gurudumu dogo litazunguka mara nyingi zaidi kwa umbali uleule: saa ikisema 50, gari linatembea kama 36. Huo ni uongo usio na hatari, ingawa kilomita zitahesabiwa kwa kuzidi. Wa hatari ni ule wa upande wa pili. Aliyepima saa yake kwa tairi la 155/65 R13 kisha akahamia 175/70 R13 ameongeza mzingo kwa asilimia 8. Saa inasema 50, mwendo halisi ni 54, na penye kikomo cha 50 hilo ni kosa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39, inayofuatwa na nchi nyingi zinazounda magari, hairuhusu spidomita kusoma chini ya mwendo halisi hata kidogo, ila inaruhusu kuzidisha kwa asilimia 10 na kilomita 4 juu yake.

Usihesabu mzingo kwa namba za tairi peke yake. Dereva akae kwenye kiti, tairi lipakwe chaki, gari lisukumwe hadi gurudumu lizunguke kamili, kisha upime alama mbili za chaki sakafuni kwa futi kamba. Namba hiyo ndiyo ya kuingiza kwenye spidomita ya kielektroniki inayosoma sumaku au nati za habu. Baadhi ya injini za Kijapani za karibuni husoma spidi kwenye sproketi ya mbele, na kwa kuwa cheni, sproketi ya nyuma na tairi vyote vimebadilika, hutakiwa kifaa cha kurekebisha mapigo. SpeedoHealer ya HealTech ni kimojawapo kinachojulikana. Asiyetaka hesabu achukue spidomita ya GPS. Haina sensa wala kebo, anga ya Kampala iko wazi, na haijali tairi. Udhaifu wake ni kuchelewa: huchukua muda kupata satelaiti asubuhi, na ukifunga breki ghafla namba hushuka nyuma ya gari.

Gia zina taa moja isiyokosekana, ya kijani, ya frii. Giaboksi ya pikipiki hupanga gia kwa mstari, na wenye gari la namna hii hujikuta kwenye taa za barabarani wakitafuta frii kwa kubahatisha huku klachi ikichemka. Swichi yake iko tayari kwenye giaboksi. Ni kuvuta waya mmoja tu. Mwenye injini ya tukutuku aongeze taa ya gia ya nyuma. Mafuta ya tangi dogo hayahitaji geji ya maana. Taa ya akiba inatosha.

Mwenye injini ya sindano za mafuta ana njia fupi zaidi, nayo ni kubaki na saa za pikipiki yenyewe. Zina mstari mwekundu sahihi, taa ya frii, na taa ya hitilafu inayotoa namba za makosa. Baadhi ya Honda zina mfumo wa HISS ambao haukubali injini iwake bila funguo yenye chipu yake. Ndiyo maana injini ya aina hii hununuliwa pamoja na kompyuta, funguo, saa na mkungu mzima wa nyaya. Muuzaji akileta saa ambazo nyaya zimekatwa palepale kwenye soketi, mrudishie. Bila mkia wa waya wa urefu wa kiganja, rangi hazisomeki na fundi ataunganisha kwa kukisia.

Kabla bati halijatobolewa, dashibodi ikatwe kwanza kwa boksi la karatasi ngumu. Dereva akae, ashike usukani, na kila duara lichorwe pale jicho linapopita bila kuzuiwa. Geji ndogo nyingi ni za milimita 52, na tundu la ziada halirudi. Kipima mizunguko kizungushwe ndani ya tundu lake hadi mstari mwekundu uelekee juu kabisa, kama wafanyavyo wa mashindano. Jicho linaona mshale uliosimama bila kusoma namba. Presha na joto zifuatane upande mmoja, voltimita pembeni, spidi popote itakapobaki nafasi. Kingo za bati zikunjwe au zivikwe mpira. Wakaguzi wa Uingereza hukataa gari kwa kingo kali tu, na magoti ya Kampala hayana chuma. Injini ya silinda moja hutikisa, basi nyuma ya paneli kuwe na mipira. Geji ziwe zilizozibwa dhidi ya maji, kwa sababu gari halina paa, mvua za Machi hadi Mei hazichagui, na vumbi jekundu la maramu huingia hata kwenye kioo kinachoonekana kimefungwa.

Ukiona uso wa geji wa mtumba umefifia, Barabara ya Nasser iko hapo hapo. Wachapaji wake huweza kuchapa stika mpya ya namba, mradi uso wa zamani umepigwa picha ukiwa umenyooka na mshale haujang'olewa kwa bisibisi. Ung'olewe kwa vijiko viwili vyembamba, ukiwa umeweka alama ya mahali ulipolala.

Kisha upimaji. Sensa ya joto iingizwe kwenye sufuria ya maji yanayochemka, mwili wake umefungwa waya wa ethi: Kampala mshale usimame karibu na 96, na anayesubiri 100 atairudisha geji nzima dukani bila sababu. Spidi ilinganishwe na simu yenye GPS, anayeitazama akiwa abiria. Kwa injini kubwa, oili iwe ya mwisho. Plagi zote zitolewe, waya za koili zifungwe salama kwenye ethi, kisha stata isukumwe kwa vipindi vifupi hadi mshale wa presha uinuke na taa nyekundu izime. Usipoinuka, leta ile geji ya kipira iliyoachwa gereji uifunge mahali pa sensa. Nayo ikilala, oili haijafika. Ikipanda, tafuta waya. Plagi zisirudishwe hadi mojawapo ya hayo mawili lijulikane.